Muulize Fundi: Tangi la mtumba limekataa kukaa

Mwezi huu najibu maswali ya kitu kimoja tu, tangi la mafuta, maana nilipopanga meseji zenu nikakuta matano yanazunguka hapohapo, na moja kati yake limeninyima usingizi kabisa kwasababu kuna mtu anaweza kuungua. Nimeyafupisha kidogo ila maneno ni yenu.

*Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nina Toyota IST ya 2004. Nilipita juu ya jiwe tukienda shamba, tangi likatoboka chini, fundi akaziba kwa sabuni ya mche tukarudi nayo hadi mjini. Nikampigia kijana anauza spea Gerezani, Dar, nikamwambia nataka tangi la IST, akasema lipo, limetoka Japani, safi kabisa, nikamtumia laki na themanini akalipakia kwenye basi. Limefika, fundi kalinyanyua alifunge, halikai. Anasema linagonga chuma cha katikati, eti tulikate kidogo au tuliteremshe kwa kuweka nati ndefu. Muuzaji naye anasema IST ni IST, hela harudishi. Nifanyeje?*

Marahaba binti yangu, na pole sana. Kwanza kabisa mwambie fundi wako aweke grenda chini, asikate kitu chochote.

Hicho chuma cha katikati ni propela shafti, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi za nyuma. Hizi IST za umri wa hiyo yako ziko tatu: NCP60 yenye injini ya 1300, NCP61 yenye 1500, hizo mbili zinavuta tairi za mbele tu, alafu kuna NCP65, hiyo nayo ni 1500 ila inavuta tairi zote nne, ina difu nyuma na propela inapita chini katikati kuifuata. Ukizipaki tatu zote kituoni hutazitofautisha kwa taa wala kwa bodi. Lakini ukilala chini ukaangalia utaona ya fowili, hiyo ya tairi zote nne, imeachiwa njia ya propela na tangi lake limeumbwa kuikwepa hiyo njia. Yako kwa maelezo yako ni 65, na ulichotumiwa ni cha 60 au 61. Hakikisha sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, chukua kadi ya gari uangalie namba ya chasi, itaanza na hayo maneno NCP na tarakimu mbili. Au fungua boneti kuna kibati kimegongwa namba hiyohiyo.

Kwahiyo muuzaji akisema IST ni IST anakosea, na wengi wanakosea hivohivo, tena wengine wanaenda mbali zaidi wanakwambia "hii ni ya 1NZ, inaingia kwenye zote". 1NZ ni injini! Injini hiyo iko kwenye IST, iko kwenye Vitz, Probox, bB, Raum, Premio ya 1500, hizo gari hata sakafu zake hazilingani. Tangi halifungwi kwenye injini, linafungwa kwenye sakafu ya gari, ndo maana kinachotakiwa kulingana ni sakafu. Injini inakuja kwenye pampu, pampu ndo inatakiwa itoe presha ambayo injini inataka. Na floti, ile inayopima mafuta, yenyewe inatakiwa ielewane na geji ya kwenye dashibodi. Mtu akinunua tangi lenye pampu ndani yake amenunua vitu vitatu kwa pamoja na kila kimoja kina bwana wake, ndo maana unaweza kukuta tangi limekaa vizuri kabisa, gari inawaka, alafu geji inasoma full siku nzima mpaka mafuta yanakuishia barabarani.

Ushauri wangu siku zote ni huu: nunua tangi, pampu na floti baki na zako kama ni nzima. Pampu yako inajulikana, imekuleta mpaka leo, ya kwenye tangi la mtumba hujui imekaa kavu miaka mingapi. Ilimradi tundu la pampu lilingane. Kama floti yako imekufa na inabidi utumie ile iliyokuja, chukua mita ya umeme upime zote mbili, floti ikiwa chini kabisa na ikiwa juu kabisa, usome omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Zikikaribiana sawa. Zikipishana sana geji itakudanganya, na hata ukipinda waya wa floti hutaiponya, utaishia kuisogeza tu.

Sasa kuhusu nati ndefu. Lita 40 za petroli ni kama kilo 30. Mzigo huo unaning'inia kwenye mikanda miwili ya bati na bolti zake, na zile bolti zimepimwa tangi likae limebana juu kwenye sakafu, halichezi. Ukiliteremsha linaanza kutikisika kila tuta, mikanda inakatika polepole, na mbaya zaidi umelisogeza karibu na ekzosi na karibu na propela inayozunguka. Propela ikila tangi ukiwa kwenye mwendo hapo sina la kukwambia. Nakuomba sana usikubali, hata fundi akiapa kwamba kafunga kumi za hivo.

Kwa muuzaji usiende na maneno ya wizi, maana kwa haki hukumpa namba ya chasi na yeye hakukuuliza, kosa mmegawana. Mwambie kwa upole kwamba tangi liko vilevile, halijawekwa mafuta, halijakatwa, unaomba mbadilishane na la NCP65 na kama kuna hela ya juu utaongeza. Mfanyabiashara mwenye akili atakubali, tangi la 61 anauza kesho tu. Lakini ukishalikata umelinunua.

Na safari hii kabla hajapakia chochote mpigie picha kadi, namba ya chasi yote, umtumie. Wauza spea wengi wa pale wanaweza kuingiza hiyo chasi kwenye kompyuta wakapata namba ya spea yenyewe, za Toyota tangi zinaanza na 77001 kisha kistari alafu tarakimu nyingine tano, na hizo tano za mwisho ndo zinatofautisha gari na gari. Kwenye matangi mengi kuna stika ya karatasi au maandishi yamegandishwa juu, ikiwa bado inasomeka akupigie picha. Ikiwa haisomeki basi hapo ndo tangi lako bovu linakuwa na thamani kuliko lolote, na nakusihi usiwape watu wa vyuma chakavu mpaka jipya limefungwa na gari imetembea. Lilaze chini kifudifudi mbele ya gereji, chukua futi, pima kutoka shikio hadi shikio pale bolti zinapoingia, sio ukingo kwa ukingo. Pima upana wa tundu la pampu, hesabu matundu ya skrubu kuzunguka pale. Hesabu mabomba yanayotoka juu: la kwenda injini, la mvuke, na kwenye gari za zamani kidogo kuna la tatu la kurudisha mafuta. Angalia shingo ya kujazia inaingilia upande gani na unene wake. Alafu yeye kule naye aweke futi juu ya tangi lake apige picha moja juu na moja chini. Kazi ya dakika kumi hiyo, ingekuokolea nauli ya basi na wiki nzima ya kupanda bodaboda.

Plagi ya waya nayo msiisahau, hesabuni pini. Nimeshaona tangi limekaa kama limezaliwa pale, tukabaki tunaangalia plagi ya pini tano na soketi ya pini nne.

Likifika, usilifunge hapohapo. Linuse. Petroli iliyolala muda mrefu inanuka kama vanishi iliyochacha, na ndani inaacha utando wa kahawia unaonata. Likiwa la bati, funga sumaku kwenye kamba uiteremshe ndani uizungushe, ikirudi na manyoya ya kutu jua hiyo kutu itaenda kwenye chujio na pampu yako. Likiwa la plastiki angalia mipasuko kwenye kona na pale mkanda unapokaa, na uangalie kama halijavimba. Kupima kuvuja pakeni maji ya sabuni nje mkipuliza hewa kidogo sana, sio kompresa ya tairi, tangi sio mtungi halijatengenezwa kubeba presha. Na ile gasketi ya pampu nunua mpya. Ya zamani ikishalowa petroli inavimba, ukiitoa hairudi kwenye mfereji wake, mtu anailazimisha na koleo, kesho gari inanuka mafuta ndani watoto wanaumwa vichwa.

Ile sabuni ya mche ni msaada wa kweli barabarani, petroli haiyeyushi sabuni ndo maana inashika. Lakini maji yanaiyeyusha. Mvua moja au dimbwi moja na tundu liko wazi, kwahiyo hiyo gari isimame.

*Kaka fundi, niko Tabora. Corolla 90 ya mzee ilikuwa ya kabureta, tumeiwekea injini ya 5A-FE ya EFI. Tangi ni lilelile, fundi kaweka pampu ya umeme nje chini ya gari. Inawaka vizuri ila mafuta yakifika robo nikikata kona au nikipanda mlima inakohoa kama inazima. Kuna tangi la Corolla ya EFI nimeliona mahali, litakaa?*

Litakaa kama ni la bodi ileile ya 90, sedani kwa sedani. Usichukue la wagoni wala la AE95, ile ni fowili, utaingia kwenye shida ya dada wa Morogoro.

Na umeuliza jambo zuri maana watu wengi wanabadilisha injini wanasahau huku nyuma. Kabureta inanyonya kwa pampu ya kwenye injini, presha yake ndogo, PSI 3 mpaka 5 (PSI ni kipimo cha presha), na yenyewe ina kibakuli chake cha mafuta, kwahiyo hata mafuta yakikimbilia upande mmoja wa tangi sekunde mbili tatu injini haijui, inakunywa ya kwenye kibakuli. EFI, yaani injini inayopuliziwa mafuta kwa nozeli za umeme, haina kibakuli. Inataka kama PSI 40 muda wote, pampu ikivuta hewa hata kidogo tu nozeli zinakosa, ndo huko kukohoa. Tangi la EFI ndani lina kama sufuria au kuta ndogo kuizunguka pampu, zinazuia mafuta yasikimbie kwenye kona. La kabureta halina, kwake lilikuwa halihitajiki.

5A-FE inarudisha mafuta tangini, kwahiyo hilo tangi unaloliona hakikisha lina bomba la kurudisha. Matangi ya gari zilizokuja baadaye za 1ZZ na 1NZ mengi hayana, kwao mafuta yanarekebishwa presha mlemle ndani ya tangi na bomba la kwenda ni moja tu. Ukiona mtu anakwambia uzibe bomba la kurudi, kataa, presha itapanda hadi mpira upasuke.

Na mipira! Hii ndo inayonitia hofu kwenye gari yako kuliko hata hilo tangi. Kama bado mna mipira ya zamani ya kabureta na klempu za waya, ibadilisheni leo. Mpira wa PSI 5 hauwezi kubeba 40. Nunua iliyoandikwa ya EFI, na klempu za EFI zile zinazobana duara zima.

*Fundi, tangi langu la bati limeoza tundu dogo. Matangi ya mtumba ya gari yangu hayapatikani huku Songea. Jirani ana mashine ya kuchomelea, anasema tumwage mafuta yote, tuliache wazi siku mbili likauke alafu alichomelee. Ni salama?*

Hapana. Hapana kabisa, na kama unasoma hii na tangi liko kwenye benchi nenda kalitoe kwanza.

Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Sio petroli ya maji inayolipuka, ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na hauhitaji kuwa mwingi, kuanzia kama asilimia 1.4 ya hewa iliyomo humo hadi 7.6 inashika moto. Tangi lililojaa halina hewa ya kutosha ndani. Ukilimwaga umeingiza hewa, na kilichobaki kwenye kuta, kwenye kutu, kwenye maungio ya bati, kinaendelea kutoa mvuke. Siku mbili hazitoshi, wiki haitoshi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwahiyo hata ukiacha mdomo wazi hautoki juu kama moshi, unalala humo chini. Ukija na mashine bati likapata joto, ule utando uliogandia ndani nao unageuka mvuke, hata kama pua yako ilikuwa hainusi chochote.

Nilikuwa kijana najifunza kazi nilipoona tangi limepasuka gereji ya jirani. Walikuwa wameliosha kwa maji na omo, wakalianika juani. Mlio ulikuwa kama wa transfoma, na lile tangi lilifunguka kama bahasha, bati limejikunja nje pande zote mbili. Aliyekuwa ameshika mashine alipona, ila mikono na uso... Yule kaka alikuwa na miaka 24. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli na nikaona cheche za mashine sehemu moja mwili unasisimka, nawahamisha watu.

Tundu dogo kwenye tangi la bati kuna gundi maalumu ya matangi ya mafuta, ya kuchanganya mbili, unakwangua kwa mkono na msasa, sio grenda, unasafisha, unapaka, unasubiri muda walioandika kwenye pakiti. Hiyo itakupa nafasi ya kutafuta. Na kuhusu kutopatikana, hukuniambia ni gari gani, nitumie namba ya chasi yako, mara nyingi kuna ndugu yake mwenye sakafu ileile ila jina lingine, hapo ndo namba ya spea inasaidia kuliko jina. Jirani yako mshukuru kwa nia njema, ila umsomee hii.

*Habari fundi. Arusha hapa, Subaru Forester SG5. Niliwekewa tangi la mtumba mwezi uliopita. Sasa geji ikifika kwenye nusu hivi gari inazima kama imeisha mafuta, nikiongeza lita tano inawaka. Wameshabadilisha pampu mara mbili. Ni geji mbovu?*

Geji haina kosa, mafuta yapo kweli ila yako upande wa pili. Tangi la hiyo gari limekaa kama matandiko ya punda, mifuko miwili kulia na kushoto, katikati limebonyea propela ipite. Pampu iko mfuko mmoja tu. Mafuta ya mfuko wa pili yanavutwa kwenda kwa mwenzake na kijipampu kisicho na umeme, kinaendeshwa na nguvu ya mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini. Floti zipo mbili na geji inajumlisha zote, ndo maana inakwambia nusu kwa haki kabisa.

Walipohamisha tangi nadhani kuna mpira hawakuurudisha au walipishana mabomba, au hicho kijitundu chembamba cha kunyonyea kimeziba kwa uchafu wa tangi lenyewe. Fungueni vifuniko vyote viwili huko nyuma, sio cha pampu peke yake, mkute mfuko mmoja mkavu na mwingine una mafuta, hapo mtakuwa mmemshika mwizi. Msinunue pampu ya tatu.

*Fundi nimefuata ushauri wako wa mwaka jana, nimepata tangi sahihi, limekaa. Nijaze full nianze safari ya Dodoma?*

Hongera, ila usijaze bado. Weka lita kumi, washa, acha iungurume dakika kadhaa, pita na tochi chini kwenye kila kiungo. Alafu tandika boksi kavu chini ya tangi ulale. Asubuhi likiwa kavu, nenda sheli ya karibu ukajaze full, urudi nyumbani, uweke boksi jingine usiku wa pili. Nasema hivo kwasababu gasketi ya pampu iko juu ya tangi, na mpira wa shingo nao uko juu, lita kumi haziwezi kuzifikia, zinaweza kuwa zinavuja na usijue mpaka siku umejaza na umeingia kwenye kona kali. Nyanyua siti ya nyuma unuse. Boksi la pili likiamka kavu na chini ya siti hakunuki, safari njema.